Maji ya Mama Mkwe

Abuu alikuwa mtu wa joto. Alizaliwa Mkomaindo, pale Masasi, chini ya majabali ambayo jua likiyapiga tangu asubuhi yanaendelea kuwapa watu joto mpaka saa ya kulala, na hadi anafikia umri wa kuoa hakuwahi kuwa na blanketi wala kuona faida yake. Mtu wa namna hiyo ukimkuta anaishi juu Newala, ambako mwezi wa sita ukungu unaingia hadi jikoni bila kubisha hodi, ujue ama amefukuzwa kwao ama amependa. Abuu alikuwa amependa, tena kwa kiwango cha kutia huruma.

Ilianza na biashara. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya ruksa, serikali ilipoachia biashara, watu ndiyo kwanza wametoka kwenye foleni za sabuni na sukari, na ghafla kila mwenye miguu miwili amekuwa mfanyabiashara. Vijana wa Masasi walinunua marobota ya mitumba na kugombania mashati na magauni. Abuu akachukua kile walichokitupa pembeni, masweta na makoti ya sufu, vitu ambavyo Masasi ukimvalisha mtu unaweza kushtakiwa. Akayapandisha gulioni Newala juu ya lori la chumvi, na kabla ya adhuhuri robota likabaki kamba na gunia.

Ndipo akafika Shakila, binti wa kijiji cha Mnyambe, amechelewa, anatweta. Akalitazama gunia tupu, kisha akamtazama muuzaji, ambaye kwa ajili ya baridi alikuwa amejibakizia sweta moja la kijani lenye vifungo vikubwa.

"Na hilo?" akauliza.

"Hili nimelivaa, dada."

"Nimeona umelivaa. Nimekuuliza bei."

Walivutana mpaka watu wakasogea kusikiliza, na mwisho wa yote Abuu akalivua. Alirudi Masasi juu ya lori lile lile amevaa shati la mikono mifupi, meno yanagongana njia nzima, akafika na kulala na homa. Mama yake alimchemshia tangawizi, akamuuliza ni mfanyabiashara gani huyo anayeuza nguo ya mwilini mwake. Abuu akamjibu kwamba ni yule anayetaka kuoa.

Kwa watu wa kule harusi haimpeleki mke kwa mume. Mume ndiye anayebeba mkeka wake na kuhamia kwa kina mke. Wazazi wa Abuu, Wayao wenye desturi hiyo hiyo, hawakuwa na neno; walichomsikitikia mtoto wao ni baridi tu. Baba yake alimpa jembe jipya. Mama yake alimfungia kwenye kitambaa vipande vya tangawizi alivyovichimbua nyuma ya bafu lake, akasema huko anakokwenda atavihitaji kuliko jembe.

Mnyambe walimpokea kwa utani. Kila alfajiri alitoka nje amevaa sweta juu ya sweta na koti juu ya yote, mikono imemkaa mbali na mwili kwa unene wa nguo, anatembea kwa shida kwenda kuota moto. Watoto wakamwita Robota. Wakubwa waliwakemea kwa siku chache, kisha nao wakaanza kumwita hivyo hivyo. Abuu hakukasirika hata kidogo. Alicheka pamoja nao, na kila aliyemwita Robota alimjibu kwamba ndani bado kuna mzigo, aje achague.

Kilichomkosesha raha kilikuwa kitu kingine, nacho ni haya ya ukwe. Mama mkwe wake aliitwa Bimdogo, ingawa kijiji kizima kilimjua kama Mama Shakila. Alikuwa mjane, mrefu, mwepesi wa kutembea, na sauti yake ya kukohoa ilitosha kuwanyamazisha mbuzi. Kwa desturi ya ukoo ule, mkwe wa kiume na mama mkwe hawasemeshani, hawaangaliani usoni na hawakutani njiani, mpaka siku ambayo kijana ataleta mavuno yake ya kwanza mlangoni kwa mama mkwe, mbele ya mjomba wa binti. Mama akiyapokea, kijana anamwamkia, mama anaitikia, na haya inakwisha. Kuanzia siku hiyo kijana anakuwa mtoto wa nyumba. Kabla ya hapo ni mgeni anayelala pale.

Sasa uwaze watu wawili wanaoishi ua mmoja kwa utaratibu huo. Mama Shakila akitokea upande wa jikoni, Abuu anapotelea nyuma ya banda la kuku. Abuu akitokea bafuni, Mama Shakila anageuka na kuutazama mkorosho kana kwamba umemwita. Wakiwa na la kuambiana, lilipitia kwa Shakila, hata kama wote watatu wapo hatua chache na kila mmoja anamsikia mwenzake vizuri.

"Shakila, mwambie mwenzio mlango wa banda haujafungwa."

"Shakila, mwambie mama nimesikia, nakwenda kuufunga."

Shakila, ambaye kazi yake ilikuwa kukaa katikati na kuchambua mchele, wala hakuinua kichwa. "Mmeshaambiana," alisema.

Miezi ikapita hivyo. Abuu alimjua mama mkwe wake kwa mgongo, kwa kikohozi na kwa nyayo, na kwa ushahidi huo mdogo alijiaminisha kwamba yule mama hampendi. Kwa nini ampende? Mkwe wa jirani alikuwa na mabega ya kubeba gunia la korosho peke yake. Yeye alikuwa na masweta.

Mwenye kauli katika nyumba ile alikuwa mjomba wa Shakila, Mzee Ashraf, mdogo wake Mama Shakila, mtu wa kofia safi na maneno yaliyopangwa. Alikuwa na mikorosho mingi, na ingawa korosho zenyewe zilikuwa zimeanguka bei miaka ile, hadhi ya mwenye mikorosho haikuanguka nazo. Kabla ya mvua za kwanza alimwita Abuu.

"Mkwe," alisema, "marobota tumeyaona, na kila mtu hapa amepata koti. Lakini mwanamume wa marobota leo yuko hapa, kesho yuko Lindi. Sisi mpwa wetu tunamwoza kwa mkulima. Nyuma ya bafu la dada yangu, chini ya ule mkorosho mkubwa, pana kipande. Lima kitu hapo, chochote, tuone mavuno yako. Ukivuna, umekaa. Ukishindwa, utashuka Masasi na mzigo wako, na Shakila atabaki kwao. Sina ubaya na wewe."

"Nimeelewa, mjomba," alisema Abuu.

Kipande chenyewe kilikuwa cha kumkomoa mtu. Kivuli cha mkorosho kilikifunika karibu chote. Muhogo ulikwishajaribiwa pale ukatoa mizizi ya unene wa kidole, na mbaazi zikatoa majani matupu. Abuu alisimama hapo na jembe lake jipya, ukungu unamlowesha nyusi, akatamani kikombe cha tangawizi ya moto kuliko kitu chochote duniani. Newala nzima ilitamani hivyo hivyo kila kipupwe. Wauza kahawa wa stendi waliagiza tangawizi kutoka mbali, ikafika imesinyaa, na bado watu waligombea. Mama yake aliipanda kivulini, kwenye ardhi laini. Kivuli alikuwa nacho. Akarudi ndani kuchukua kile kitambaa.

Shakila alipomwona anaviweka vile vipande ardhini, jicho la mbegu likitazama juu, alichuchumaa kando yake. "Abuu, hiyo ni ya nchi ya joto."

"Na mimi ni wa nchi ya joto. Mbona nimeota?"

Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akamsaidia kufunika matuta kwa majani makavu, na mvua ilipoanza kunyesha walikuwa bado wanafunika, wamelowa, hawana haraka ya kuingia ndani.

Ikaota. Sijui kama kuna furaha inayomshinda mtu aliyechekwa anapoona kitu chake kinatoboa udongo. Machipukizi yalitoka membamba na ya kijani mbichi, yakawa majani marefu, na kufikia katikati ya masika kipande kizima kilikuwa kimejaa hadi magotini. Watu walikuja kuangalia. Walivunja jani, walinusa, walirudi makwao wakinusa vidole. Mzee Ashraf alipita akasema haya ni majani tu, tusubiri. Mama Shakila, kwa njia ya kawaida, alimtuma binti yake aulize kama mwenzake amepanda chakula cha watu au cha mbuzi. Abuu akajibu kwa njia ile ile kwamba ni cha watu, na usiku huo alimwambia Shakila kwamba mama yake anamdharau. Shakila alisema mama yake huuliza hivyo hivyo hata juu ya mchicha.

Kisha mvua zikakatika na kipupwe kikapanda. Asubuhi moja Abuu akakuta ncha za majani zimegeuka manjano. Baada ya siku chache manjano yakashuka hadi katikati, majani yakaanza kulala moja baada ya jingine, na kipande kile kilichokuwa fahari yake kikawa kinatazamika kama paa la zamani.

Mzee Ashraf aliitwa, akaja na uso wa daktari. Alikamata jani, akalikunjua, akaliangalia kwa ndani. "Ubwiri unga," alisema. Ndio ugonjwa unaokausha maua ya mikorosho, na mtu aliyeishi na mikorosho maisha yake yote huuona kila mahali. "Ipulizie salfa." Alikuwa na akiba yake ndani, akaleta mwenyewe, na kabla Abuu hajapata la kusema mjomba alikwishakurusha vumbi la njano juu ya majani ya njano. Wote wawili walipiga chafya mpaka machozi. Majani yaliendelea kukauka vile vile, ila sasa yalinuka.

Abuu hakulala vizuri. Aliona lori, aliona marobota, aliona Shakila amesimama uani akiwa na lile sweta la kijani. Hakumwambia mtu kwamba anaogopa, lakini alipofumba macho alihesabu watu ambao angewaaga. Mwishowe alidandia basi la asubuhi akashuka Masasi kumuuliza mtu pekee anayemjua ambaye amewahi kulima kitu kile.

Mama yake alimsikiliza huku anakuna nazi, akacheka. "Imelala," alisema.

"Imelala vipi?"

"Hapa kwangu hujawahi kuiona ikilala kwa sababu maji ya bafuni hayakauki. Marehemu bibi yako aliipanda mahali pakavu, kila kipupwe majani yanaanguka yote, ungedhani amepanda majivu. Chini huko nzima, inasubiri. Iache ilale, ganda lake likomae ndipo uchimbe. Ukiichimba sasa hivi ganda ni laini, itasinyaa kabla haijafika stendi." Akainua mwiko kumwonya. "Na usiipe maji hata tone. Ukiimwagia maji kwenye baridi hiyo ya kwenu, itaoza yote."

Ya kwenu, alisema. Abuu aliipenda kauli hiyo kuliko maelezo yote, akabaki Masasi kidogo kula joto, akapanda Newala akipiga mluzi. Kazi iliyobaki ilikuwa kukaa bila kufanya kitu, na kazi hiyo aliiweza.

Lakini alipokwenda kukitazama kipande chake akakuta udongo umelowa. Akadhani ni ukungu. Kesho yake ukawa umelowa zaidi, ukungu wenyewe ulikuwa mchache, na tuta la karibu na njia ya bafu likatoa harufu ambayo mkulima yeyote anaijua hata kama hajawahi kulima. Alifukua kwa vidole. Tangawizi ya kwanza aliyoishika ilimbonyea mkononi ikatoa maji. Ya pili nayo hivyo hivyo. Mtu alikuwa anaimwagia.

Kumwagia mimea maji pale Mnyambe, katika kipupwe, si jambo la mtu kupita akafanya kwa bahati mbaya. Uwanda ule hauna mto. Mvua ikishakatika na mapipa ya kukingia maji ya paa yakishakauka, mabomba yanakohoa hewa, na wanawake wanateremka bondeni alfajiri na kupanda na ndoo kichwani, njia ambayo Abuu aliijaribu mara moja akakaa chini mara nyingi. Maji ya kuoshea uso yanaoshea vyombo, ya vyombo wanapewa kuku. Anayemwaga ndoo nzima ardhini ama amerukwa na akili ama ana chuki kubwa. Abuu akaamua ni chuki. Kuna mtu anataka ashuke Masasi, na kwa kutafuta kwake hakupata jina isipokuwa moja.

Akaamka mapema kuliko kawaida yake, akajificha nyuma ya ua wa makuti wa bafu, akangoja. Kulikuwa kunapambazuka. Mama Shakila alitokea kwenye ukungu, ndoo kichwani, kanga imemganda mwilini, anapumua kwa kinywa kama mtu aliyetoka kupanda. Hakwenda jikoni. Alikuja moja kwa moja kwenye matuta, akaitua ndoo bila kumwaga tone, akachuchumaa. Akachota kwa kata, akamimina polepole kwenye shina la kwanza, akasogea, akamimina la pili. Na alikuwa anaongea, kwa sauti ya chini, na yale majani yaliyokauka.

"Kunywa," alikuwa anasema. "Kunywa, baba. Mtoto wa watu huyu, ukifa wewe watamrudisha kwao. Binti yangu anacheka tangu amekuja. Kunywa."

Abuu alikaa chini pale pale kwenye matope ya bafu. Alikuwa na masweta mawili na koti, na alihisi joto ambalo hakuwahi kulihisi tangu apande uwanda ule. Miezi yote hiyo alikuwa amekisoma vibaya kikohozi. Alilia, hakuona sababu ya kujizuia, na kwa kuwa haya ya ukwe ilikuwa bado ipo ilibidi alie kimya kimya mpaka yule mama amalize ndoo yote.

Shakila alipoambiwa hakuamini. "Mama? Maji ya bondeni?" Alikaa kitandani. "Mimi nilipokuwa na surua alinipimia maji kwa kikombe."

"Mwambie aache. Yanaiozesha."

"Nimwambie nini? Kwamba maji aliyoyabeba kichwani ni sumu? Hapa mtu akikupa maji hukatai, Abuu, hata kama umetoka kunywa sasa hivi. Nikimwambia hayo atajifungia ndani, na mwaka huu hatatoka." Akafikiri. "Jambo hilo linatakiwa kusemwa na mtoto wake mwenyewe, uso kwa uso, kwa upole."

"Wewe ndiye mtoto wake."

"Lakini tangawizi inayozungumziwa ni yako."

Na yeye hakuruhusiwa kumsemesha. Ili amsemeshe alihitaji mavuno, na ili apate mavuno alihitaji tangawizi isimwagiwe maji kwa wiki kadhaa, ganda likomae. Aliizungusha hesabu hiyo kichwani siku nzima, na kila upande alioushika ulikuwa na maji. Wakati anaizungusha, yule mama alikuwa akijiandaa kushuka tena bondeni na magoti yake ya utu uzima. Hilo ndilo lililomshinda. Tangawizi kuoza aliweza kuvumilia. Mama mtu mzima kupanda mlima na ndoo kwa ajili ya kitu kinachooza hakuweza.

Asubuhi iliyofuata, kabla Mama Shakila hajachukua ndoo, Abuu alikuwa shambani na jembe. Alichimba yote. Matuta ya njiani yalikuwa uji mtupu. Ya katikati yaliokoa nusu. Upande wa mbali tu, chini kabisa ya mkorosho, ambako mkono wa mwenye kata haukufika, alitoa mashina mazima, manene, yenye ganda jembamba la rangi ya maziwa ambalo hakuna mchuuzi angeligusa. Akayaosha kwa kuyafuta na kanga ya Shakila. Yalijaza kapu moja, tena kapu dogo. Kisha akamtuma Shakila kwa mjomba.

Mzee Ashraf alikuja na kofia yake safi, na uso wake ulionyesha kwamba maneno amekwishayapanga. Abuu alipiga magoti mbele ya mlango wa Mama Shakila, kapu mbele yake, macho chini. Ndani ya mlango, gizani, kulikuwa na kivuli kirefu kisichotikisika.

"Shikamoo mjomba. Nimeleta mavuno yangu ya kwanza."

"Marahaba." Mzee Ashraf aliinama akachungulia. "Ndiyo yote haya?"

"Ndiyo, mjomba."

"Kipande kile chote, kapu moja?"

"Mengine yameoza."

"Yameozeshwa na nini?"

Abuu alilitazama kapu. Jibu lilikuwa mdomoni, la kweli, na lingemwokoa. Mtu ambaye mazao yake yamemwagiwa maji na mwingine hawezi kuhukumiwa kwa kushindwa kulima. Shakila, aliyesimama kando ya jikoni, alimtazama akijua anachokifikiria.

"Baridi, mjomba," alisema Abuu. "Sikuiweza baridi."

Mzee Ashraf akashusha pumzi. Hakuwa mtu mbaya, na ilionekana wazi kwamba kinachofuata hakikumfurahisha. "Basi, mkwe," alianza, "tulikubaliana mbele ya Mungu kwamba..."

"Si baridi."

Sauti ilitoka mlangoni, na haikupitia kwa Shakila. Mama Shakila alitoka nje, juani, uso wazi, akasimama mbele ya mkwe wake bila kugeukia mkorosho wala kitu kingine chochote. Kwa mara ya kwanza Abuu aliona kwamba macho yake na ya Shakila ni yale yale.

"Nimelima tangu sijavunja ungo," alimwambia mdogo wake. "Naijua harufu ya kitu kilichozidiwa maji. Juzi niliisikia nikajifanya pua imeziba, kwa sababu nilikuwa nimekwishabeba. Ni maji yangu. Nilidhani ina kiu." Kisha akainama, akalinyanyua kapu kwa mikono miwili, akaliweka nyongani kama wanavyobebwa watoto. "Nimeyapokea. Na wewe, umepiga magoti hapo unangoja nini? Hujaniamkia."

"Shikamoo, mama," alisema Abuu.

"Marahaba, mwanangu." Akamwangalia juu chini, sweta, sweta, koti. "Ulijua ni mimi."

"Nilijua, mama."

"Ukasema baridi."

"Ndiyo, mama."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuwa siruhusiwi kukusemesha."

Mama Shakila alifungua mdomo kujibu, na kicheko kikamponyoka. Kilikuwa kicheko cha Shakila kabisa, cha kumfanya mtu atafute pa kukaa, na Shakila aliposikia akaja mbio kutoka jikoni naye akakipokea, na wale wanawake wawili wakashikana mabega mlangoni wakicheka, kapu linatikisika katikati yao. Abuu alibaki amepiga magoti, hajui kama anatakiwa kusimama, na hakukumbuka siku nyingine aliyowahi kuwa na furaha namna ile.

Mama Shakila ndiye aliyetangulia kunyamaza. Alijifuta macho kwa ncha ya kanga, akavunja kipande cha tangawizi changa, akakinusa, akampa Abuu mkono ili anyanyuke. Kiganja chake kilikuwa kimepasuka kwa maji ya alfajiri.

"Basi mwakani," alimwambia, "uniambie mapema."

Mzee Ashraf alimtazama dada yake, akamtazama mkwe, akaona hana tena cha kuhukumu. Akakaa kwenye kigoda, akaivua kofia, akauliza kama maji ya chai yamekwishabandikwa.